Nani Anayelipia Ulinzi wa Eldoret Dhidi ya Maradhi?

Uwezo wa nchi kukabiliana na mlipuko wa maradhi hujengwa miaka mingi kabla ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, pale bunge linapopitisha sheria, hazina inapotenga fedha, na mtaalamu wa maabara anapolipwa mshahara wake mwezi baada ya mwezi hata wakati ambapo hakuna hatari yoyote inayoonekana. Wataalamu wa afya huuita uwezo huo utayari dhidi ya majanga ya maradhi, yaani hali ya kuwa na watu, vifaa, taarifa na fedha za kuutambua ugonjwa mapema na kuuzuia usienee. Mjadala wake husikika zaidi Geneva na Washington, lakini maana yake huonekana wazi katika mji kama Eldoret, ambako kwa zaidi ya miaka 20 sehemu kubwa ya huduma zinazoweza kutimiza kazi hiyo imeendeshwa kwa fedha zilizoidhinishwa na wabunge wa nchi nyingine. Misukosuko ya mwaka 2025 imeonyesha kwamba ulinzi wa aina hiyo ni wa kweli na umeokoa maisha mengi, ila hauwezi kudumu mpaka uandikwe katika sheria na bajeti za Kenya yenyewe.

Jiji lililo njiapanda

Eldoret, makao makuu ya Kaunti ya Uasin Gishu, ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, ikawa jiji la tano nchini Kenya. Barabara kuu inayotoka bandari ya Mombasa kupitia Nairobi na Nakuru hupita hapo kuelekea mpaka wa Malaba na kuingia Uganda, na kutoka huko bidhaa husafirishwa hadi Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Njia hiyo huleta biashara, na kwa kuwa watu husafiri na miili yao, huweza pia kuleta maradhi. Mwaka 2020, wakati wa Korona, madereva wa malori walilazimika kupimwa mipakani, na foleni za Malaba na Busia zikawa ndefu kupita kiasi. Tarehe 31 Julai 2024 Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox, aligunduliwa katika kituo cha mpakani cha Taveta, akiwa msafiri aliyetoka Uganda kwenda Rwanda kupitia Kenya.

Hatari nyingine iko karibu zaidi. Upande wa mashariki wa Eldoret, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, liko Bonde la Kerio, ambako mwaka 1992 ulizuka mlipuko wa homa ya manjano uliosababisha serikali kuingiza chanjo ya ugonjwa huo katika chanjo za kawaida za watoto wa wilaya za eneo hilo. Upande wa kaskazini-magharibi uko Mlima Elgon na pango la Kitum, ambalo lilihusishwa na wagonjwa wawili wa Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987. Marburg ni ugonjwa wa jamii moja na Ebola, unaosababisha homa kali na kutokwa na damu, na huua sehemu kubwa ya wanaoupata. Mwezi Oktoba 2017 ugonjwa huo ulizuka tena upande wa Uganda wa mlima huo, katika wilaya ya Kween, na maafisa wa afya wa Kenya wakalazimika kuwatafuta na kuwafuatilia watu wa Trans Nzoia na Pokot Magharibi waliokuwa wamekutana na wagonjwa. Mlipuko huo ulidhibitiwa na kutangazwa kwisha tarehe 8 Desemba 2017, na kwa sababu ulidhibitiwa, ni wachache wanaoukumbuka. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kuombea fedha kazi hii, kwa kuwa mafanikio yake ni jambo ambalo halikutokea, na wabunge huona vigumu kulipia jambo ambalo wapiga kura hawakuliona.

Sheria ya Washington, kliniki ya Mosoriot

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ya Eldoret ilianza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo ya vitanda 60. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na kilipofungua kitivo chake cha tiba kiliingia katika ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulioanza mwaka 1990 na kulenga kufundisha madaktari. Miaka kumi baadaye wodi za hospitali hiyo zilikuwa zimejaa wagonjwa wa UKIMWI, na wakufunzi wakaona kwamba kufundisha tiba mahali ambapo wagonjwa hufa bila dawa hakuwezi kuwa na maana. Mwaka 2001 taasisi hizo zilianzisha mpango wa AMPATH wa kuwatibu wagonjwa hao, kliniki zake za kwanza zikiwa katika hospitali hiyo na katika kituo cha afya cha Mosoriot, kaunti ya Nandi.

Mpango huo ulikua kwa kasi baada ya tarehe 27 Mei 2003, siku ambayo Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyoanzisha mpango wa dharura wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, unaojulikana kama PEPFAR, kwa kiwango cha dola bilioni 15 katika miaka mitano. Msomaji anahitaji kujua jinsi Bunge la Marekani linavyoamua mambo ya fedha ili aelewe yaliyofuata. Hatua ya kwanza ni uidhinishaji, ambapo sheria huanzisha mpango, hueleza malengo yake na kuweka kiwango cha juu cha matumizi. Hatua ya pili ni utengaji, ambapo sheria nyingine ya kila mwaka hutoa fedha zenyewe. Mpango unaweza kuidhinishwa usipewe fedha za kutosha, na unaweza kuendelea kupewa fedha hata baada ya muda wa idhini kwisha. Mwaka 2008 idhini ya PEPFAR iliongezwa hadi dola bilioni 48, pamoja na kifua kikuu na malaria. Ikaongezwa tena mwaka 2013 na mwaka 2018. Mwezi Machi 2024 ikaongezwa kwa mwaka mmoja tu baada ya mabishano makali ya kisiasa. Na tarehe 25 Machi 2025 vipengele vyenye muda maalumu vikaisha bila kuongezwa.

Fedha hizo zilizaa mambo mengi kuliko vidonge. Daftari la kompyuta lililoanzishwa Mosoriot mwaka 2001 ili kutunza kumbukumbu za wagonjwa lilikua na kuwa mfumo wa AMPATH, na kutokana na kazi hiyo ya Eldoret ikazaliwa programu huria ya OpenMRS, ambayo leo hutumiwa na hospitali za nchi nyingi. Mashamba yalilimwa ili kuwalisha wagonjwa waliokuwa wakimeza dawa tumbo likiwa tupu. Ikajengwa maabara yenye uwezo wa kupima kiasi cha virusi katika damu, na Korona ilipoingia nchini mwezi Machi 2020, maabara ya AMPATH ikawa miongoni mwa zilizopima sampuli za ugonjwa huo. Mashine, wataalamu na taratibu zilizowekwa kwa ajili ya UKIMWI ndizo zilizokabidhiwa kazi ya ugonjwa ambao hakuna aliyekuwa ameupangia bajeti.

Safari ya sampuli moja

Ili kuona fedha hizo zinafanya kazi gani, inafaa kufuata hatua zinazotakiwa mgonjwa mwenye homa isiyoeleweka anapofika katika zahanati ya mashambani. Afisa wa kliniki anatakiwa amtenge na wengine, avae glavu na barakoa, amuulize alikotoka na aliokutana nao, kisha achukue damu na kuifunga katika vyombo vya tabaka tatu ili isivuje. Chombo hicho huwekwa ndani ya kisanduku chenye barafu na kusafirishwa kwa gari au pikipiki hadi maabara yenye uwezo. Afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo hujulishwa kwa simu, na wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao ni wakazi waliofunzwa kutembelea nyumba za majirani zao, huanza kuwatafuta wengine wenye dalili. Matokeo yakithibitisha ugonjwa hatari, taarifa hupanda kutoka kaunti hadi Wizara ya Afya, ambayo chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 ina saa 24 baada ya kuutathmini ugonjwa huo kuliarifu Shirika la Afya Duniani.

Kila hatua katika safari hiyo ina mlipaji wake. Glavu hununuliwa na mmoja, mafuta ya pikipiki hulipwa na mwingine, kemikali za kupimia huagizwa na wa tatu, na mshahara wa anayeendesha mashine huweza kutoka kwa wa nne. Mlipaji mmoja akijitoa, sampuli husimama pale alipojitoa, hata kama waliobaki wote wamelipa sehemu zao kikamilifu. Kwa sababu hiyo, swali la utayari haliwezi kujibiwa kwa kuhesabu majengo na mashine peke yake; linajibiwa kwa kuuliza kila sehemu ya safari inalipiwa na sheria gani, na sheria hiyo iko mikononi mwa nani.

Mwaka 2025 na somo lake

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitoa amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na siku chache baadaye miradi iliyofadhiliwa na shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, ikapokea barua za kusimamisha kazi. Ruhusa maalumu kwa huduma za kuokoa maisha ilitolewa baadaye, lakini kati ya amri na ruhusa wahudumu wengi wa Kenya walikuwa wamekwisha rudishwa nyumbani. Tarehe 1 Julai 2025 USAID ilikoma kutekeleza misaada, na shughuli zilizobaki zikahamishiwa wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Mwaka huo huo Marekani ilitangaza pia kwamba itaacha kuichangia Gavi, ubia wa kimataifa unaosaidia nchi kununua chanjo, na ilikuwa imekwisha toa notisi ya kujiondoa katika Shirika la Afya Duniani.

Pigo hilo lilikuwa zito kwa sababu ya njia ambayo fedha zilikuwa zikipitia. Sehemu kubwa ya msaada wa PEPFAR haikuingia katika Hazina ya Kenya wala katika bajeti za kaunti; ilienda moja kwa moja kwa mashirika yaliyoajiri wauguzi, wataalamu wa maabara, washauri nasaha na makarani wa data kwa mikataba ya muda. Utaratibu huo ulikuwa na faida zake, kwani uliharakisha kazi na kuwapa wafadhili uhakika wa kukagua kila dola. Hasara yake ilikuwa kwamba kazi hizo hazikuwa na kifungu katika bajeti za Kenya, na kwa hiyo fedha zilipokatika hapakuwa na mahali ambapo mbunge au mwakilishi wadi angeweza kunyoosha kidole na kusema pengo liko hapa, tulizibe. Huduma ambayo haimo katika bajeti haionekani kisheria, hata kama wagonjwa huipangia foleni kila asubuhi.

Tarehe 4 Desemba 2025, jijini Washington, Kenya ilitia saini mkataba mpya wa afya na Marekani, ikawa nchi ya kwanza kufanya hivyo chini ya sera mpya ya nchi hiyo. Katika miaka mitano Marekani inakusudia kutoa hadi dola bilioni 1.6, na Kenya inaahidi kuongeza matumizi yake ya afya kwa dola milioni 850, huku fedha zikipitia taasisi za serikali badala ya mashirika na wahudumu wakihamishiwa hatua kwa hatua katika malipo ya serikali. Mkataba huo unataja pia ufuatiliaji wa milipuko, na mwezi huo huo Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa amri ya muda ya kusimamisha vipengele vinavyohusu kuhamisha data za afya za Wakenya, ikisubiri kusikiliza hoja za walioupinga wakisema kwamba faragha ya wagonjwa haikulindwa.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na wabunge wa Marekani hawana kosa kuwatumikia waliowachagua. Wala haifai kusahau kwamba fedha zao zilikuwa wema mkubwa, kwa kuwa maelfu ya watu wa Uasin Gishu na kaunti jirani wako hai leo kwa sababu ya sheria ya 2003. Shukrani hiyo, hata hivyo, haiondoi wajibu wa Kenya kujiwekea sheria ambazo zitabaki zikifanya kazi upepo wa kisiasa wa mahali pengine unapobadilika.

Sheria za nyumbani na mwanya uliopo

Kenya haikosi sheria. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na jedwali lake la nne limegawa kazi, sera na hospitali za rufaa zikiwa za serikali ya kitaifa, na vituo vingine vya afya vikiwa vya kaunti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ya mwaka 1921, imerithiwa kutoka enzi za ukoloni; inampa waziri mamlaka ya kuweka karantini na kufunga maeneo, na ndiyo iliyotumika kutunga kanuni za Korona mwaka 2020, lakini haielezi fedha za kujiandaa zitatoka wapi. Mwaka huo wa 2020 kamati maalumu ya Seneti ilileta mswada wa kusimamia majanga ya maradhi, ila haukufika mwisho wa safari yake. Mfuko wa dharura wa Korona uliundwa haraka, na ununuzi wa vifaa ukafanyika kwa pupa kiasi kwamba Mkaguzi Mkuu wa Serikali alilazimika kufanya ukaguzi maalumu uliofichua ukiukaji wa taratibu za ununuzi wa umma. Fedha zinazotafutwa wakati moto umekwisha waka hutumika vibaya kwa urahisi, kwa kuwa hakuna mwenye muda wa kulinganisha bei.

Mwezi Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya, zinazohusu bima ya afya ya jamii, huduma za afya ya msingi, uboreshaji wa vituo na afya ya kidijitali. Kutokana nazo, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kila mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Hatua hiyo ni kubwa, lakini haizibi pengo linalozungumziwa hapa. Bima humlipia mgonjwa aliyekwisha fika hospitalini. Hutaka jina, ugonjwa na hati ya madai. Kazi ya kuchunguza damu ili kuhakikisha kwamba homa fulani si Marburg, au ya kumtuma mhamasishaji nyumba kwa nyumba pale ambapo hakuna mgonjwa bado, haina wa kuidai. Faida yake ni ya wote kwa pamoja, na jambo la aina hiyo haliwezi kulipiwa na bima. Linahitaji kodi na bajeti.

Mifuko ya dharura nayo ina mpaka wake. Katiba ilianzisha Mfuko wa Tahadhari wa taifa, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kila kaunti kuwa na mfuko wa dharura, lakini mifuko yote hiyo imekusudiwa mahitaji ya haraka ambayo hayakutazamiwa. Maana yake ni kwamba hufunguliwa baada ya balaa kutokea, ilhali utayari ni kazi ya kabla yake, na ugonjwa unaoweza kuvuka mpaka wa Malaba hauwezi kuitwa jambo lisilotazamiwa.

Mfano wa namna sheria inavyoweza kufanya kazi vizuri upo tayari. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliofanya kazi miaka mingi kwa kujitolea au kwa posho za wafadhili, walitambuliwa na Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya 2023, na posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi hugawanywa sawa kati ya serikali ya kitaifa na ya kaunti, shilingi 2,500 kila moja. Kiasi hicho ni kidogo kwa kazi wanayoifanya, na hucheleweshwa mara kwa mara, lakini sasa mhamasishaji anaweza kutaja sheria inayomtambua na ofisi anayoidai. Mtaalamu wa maabara aliyekuwa chini ya mkataba wa mfadhili hana bado uhakika wa namna hiyo.

Yanayopaswa kuandikwa

Mwezi Aprili 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, ahadi ambayo Kenya haijaitimiza mpaka leo. Mwezi Mei 2025 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha Mkataba wa Majanga ya Maradhi, unaosisitiza kinga, ufuatiliaji na ugawaji wa haki wa chanjo na dawa. Ahadi za namna hiyo hupata uzito zinapogeuzwa kuwa mambo matatu ya nyumbani. La kwanza ni kifungu cha bajeti chenye jina lake, cha kitaifa na cha kaunti, kinachotaja ufuatiliaji wa magonjwa, maabara na usafirishaji wa sampuli, ili kipunguzwapo wananchi waone. La pili ni ratiba ya kisheria ya kuwaingiza wahudumu wa miradi katika ajira ya umma, pamoja na fedha za mishahara yao, kwa sababu ahadi ya mkataba wa Desemba 2025 haitatimia kwa tamko la waziri. La tatu ni taarifa ya kila mwaka kwa Bunge na mabunge ya kaunti inayoonyesha fedha zote za afya, za serikali na za wafadhili, katika jedwali moja.

Nafasi ya kuyadai hayo ipo kila mwaka. Kaunti hutakiwa kuwasilisha mkakati wake wa fedha katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na Katiba inataka wananchi washirikishwe kabla ya makadirio hayo kupitishwa. Katika vikao hivyo watu wa Eldoret huuliza kwa haki kuhusu barabara, maji na karo za watoto wao. Inafaa waulize pia ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya maabara na kwa ajili ya wanaofanya kazi humo, na mwakilishi wadi asiyeweza kujibu aambiwe alete jibu kabla ya kura kupigwa. Mji uliotoa programu ya kumbukumbu za wagonjwa inayotumika duniani, na uliothibitisha kwamba mgonjwa maskini wa mashambani anaweza kutibiwa vizuri kama mwingine yeyote, una kila sababu ya kudai kwamba ulinzi wake uandikwe katika sheria za nchi yake.